Kaskazi ikiaga, wageni wa hori hufunga safari

*Kati ya Machi na Mei, matope ya Tudor na kuta za Mji wa Kale huwa darasa lisilo na karo*

VITABU vingi wanavyosoma watoto wetu shuleni vimejaa habari za majira ya machipuko huko Ulaya. Theluji inayeyuka, maua yanachanua, ndege wanarudi ziwani na vipepeo wanaanza kuruka. Mtoto wa Mombasa huyasoma hayo, huyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha hufunga kitabu na kutazama nje. Theluji haipo. Ziwa halipo. Basi hudhani kwamba mambo hayo ni ya watu wa mbali, na kwamba hapa kisiwani mwaka mzima ni jua na mvua tu.

La hasha! Hebu tujiulize swali moja dogo, msomaji mpenzi. Hao ndege wanaorudi kaskazini theluji inapoyeyuka, huwa wanatoka wapi? Jibu litawashangaza wengi. Baadhi yao hutoka papa hapa kwetu. Wamekuwa wageni wetu tangu Agosti au Septemba, wakila kwenye matope ya hori zetu, na machipuko ya Siberia huanza pale wanapopiga mabawa na kutuaga.

Ndiyo kusema kuanzia Machi hadi Mei, kisiwa hiki huwa kama stendi ya mabasi ya masafa marefu. Wako wanaoondoka, wako wanaopita, na wako wenyeji ambao mvua za mwaka huwapa shughuli ya kujenga na kuzaa. Kuwatazama hakuhitaji tikiti. Kinachohitajika ni macho, subira, na kujua saa ya kwenda.

Upepo ni ule ule

Wazee wa Mji wa Kale hawakuhitaji kalenda ya ukutani ili kujua majira. Walihesabu siku kwa miongo, yaani kumi kumi, kuanzia Nairuzi, Siku ya Mwaka. Kwa hesabu hiyo walijua ni mwongo gani chombo chaweza kutoka, na ni mwongo gani nahodha abaki pwani ashone matanga.

Kuanzia yapata Desemba hadi Machi, kaskazi huvuma kutoka pande za Arabuni na Bara Hindi. Kwa upepo huo majahazi yalikuwa yakiingia Bandari ya Kale, karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kaskazi ikichoka huja maleleji, upepo usiojua unakoelekea. Halafu Aprili kusi huanza, na kusi ndiyo iliyokuwa ikiyasukuma majahazi yale yale kurudi kwao yakiwa yamesheheni boriti za mikoko.

Zama za majahazi makubwa ya Arabuni zimepita. Lakini wako wasafiri wengine wa upepo ambao hawakuacha safari zao hata mwaka mmoja. Hawa hawana nahodha wala dira ya kununua dukani. Baadhi yao wana uzito usiofikia wa yai la kuku, na mmoja, kama tutakavyoona, ni mdudu.

Maji yakipwa, meza huandikwa

Kisiwa chetu hakina ziwa, lakini kina hori, yaani mikono ya bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu. Mahali pazuri pa kuanzia ni Hori ya Tudor, inayopita chini ya Daraja la Nyali, ikazunguka kisiwa upande wa kaskazini na magharibi, kisha ikaingia bara kuelekea Mikindani na Jomvu. Kandokando yake imesimama mikoko ya aina mbalimbali: mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu, mlilana na mkandaa.

Saa ya kwenda hupangwa na mwezi. Katika siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Mombasa hujaa alasiri na kupwa katikati ya asubuhi, yapata saa nne au saa tano. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na hapo matope mapana hubaki wazi. Familia itakayofika ukingoni saa tatu asubuhi itashuhudia meza ikiandikwa na wageni wakijongea.

Mwanzoni mtu asiyezoea huona matope matupu. Asikate tamaa. Atulie dakika kumi. Kwanza atawaona kaa wadogo wakitoka mashimoni, madume yakiwa na gando moja kubwa mno ambalo hulipunga kama mtu anayeita matatu. Kisha ataona kwamba yale aliyodhani ni mawe ya kijivu yanatembea. Hao ndio vitwitwi.

Kitwitwi ni jina tunalowapa ndege wengi wadogo wa ufukoni. Mmoja wao ana mdomo mrefu kiasi, uliopinda kidogo kuelekea chini, anaoutumbukiza matopeni mara nyingi kwa haraka kama cherehani. Anatafuta minyoo, konokono wadogo na vijikaa. Ndege huyu huzaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, kwenye nyanda zisizo na miti karibu na Bahari ya Aktiki. Ukimtazama mwezi wa Januari ni wa kijivu mgongoni na mweupe tumboni, hana la kujivunia. Mtazame tena katikati ya Aprili. Kifua na tumbo vimeanza kuwa vyekundu kama tofali, kana kwamba amevaa kanzu mpya ya sikukuu. Hayo ndiyo mavazi ya kutafutia mchumba, na anayavaa hapa kabla ya kuondoka.

Wakati huo huo anakula kupita kiasi. Kitwitwi anayejiandaa kuondoka huweka akiba nyingi ya mafuta chini ya ngozi, na mafuta hayo ndiyo petroli ya kumfikisha kituo kinachofuata. Kwa hiyo tukiona ndege anayehangaika matopeni bila kupumzika, tujue anajaza tangi. Tukimfukuza mara tano kwa asubuhi moja, tumempunguzia safari.

Si wote wanaoondoka. Mwezi wa Juni utawakuta vitwitwi wachache wangali hapa, rangi yao ya kijivu haijabadilika. Wengi wa hao ni vijana ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Wameuacha mwaka wao wa kwanza upite wakingali kwetu, kama mwanafunzi aliyebaki bweni likizo nzima.

Mkubwa zaidi matopeni ni sululu, ambaye jina lake humfafanua barabara: mdomo wake mrefu umepinda kama ile sululu ya kuchimbia. Huutia ndani ya shimo la kaa na kumtoa mwenye nyumba kwa gando. Naye pia huzaa kaskazini ya mbali na huondoka majira haya.

Tukiinua macho kwenye maji tutawaona shakwe. Aina moja inayoonekana sana pwani ya Kenya wakati wa kaskazi ina kichwa cheusi kama kilichopakwa masizi. Huyo hazai Ulaya wala Siberia. Huzaa kando ya Bahari ya Shamu na katika pwani na visiwa vya pande za Oman. Basi njia ya Oman na Mombasa, ambayo historia yetu imeiandika kwa meli, vita na ndoa, shakwe huyu anaipita kila mwaka bila pasipoti.

Wenyeji wasiosafiri

Wageni wakiondoka, wenyeji hubaki, tena wakati huu ndio wanaochangamka zaidi.

Ndani ya mikoko yumo mdiria mwenye mgongo wa buluu, kichwa cha kijivu na mdomo mwekundu. Hukaa kimya juu ya tawi moja kwa muda mrefu, kiasi cha kumchosha anayemtazama. Wengi hudhani kila mdiria anaishi kwa samaki. Huyu wa mikoko hupenda zaidi kaa na wadudu, na akimkamata kaa humpigapiga kwenye tawi kabla ya kummeza.

Angani juu ya nyumba za mjini wako teleka na mbayuwayu, na hawa huwachanganya watu kila siku. Njia ya kuwatofautisha ni rahisi na watoto huipenda. Ukimwona ametua kwenye waya wa umeme, huyo ni mbayuwayu. Teleka hatui wayani kamwe, kwa maana miguu yake ni mifupi mno na imeumbwa kwa kushikilia ukuta. Teleka mdogo, mwenye bakaa jeupe mgongoni karibu na mkia, hujenga chini ya mapaa na madaraja kwa manyoya na nyasi anazozidaka hewani na kuzigundisha kwa mate yake. Yeye ni mwenyeji. Mbayuwayu wengi waliojipanga kwenye nyaya mwezi wa Machi ni wageni, na kabla Mei haijaisha nyaya zitakuwa tupu.

Kwenye minazi yuko mnana wa rangi ya dhahabu, ambaye makao yake makubwa ni pwani hii yetu. Mvua zinapoanza na majani kuwa mabichi, dume huchana nyuzi za jani na kusuka kiota cha mviringo, mlango ukiwa chini. Kiota kikikamilika hujining'iniza hapo akipiga kelele na kutikisa mabawa. Jike huja, huingia na kukagua. Akiridhika hukaa. Asiporidhika huenda zake, na dume huanza upya. Mwanafunzi anayelalamika kwamba mwalimu amemrudishia insha mara mbili na ajifunze kwa mnana.

Mvua ya kwanza na abiria wa ajabu

Usiku wa mvua kubwa ya kwanza, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kuzizonga taa. Hao ni mchwa waliootewa mabawa kwa safari ya usiku mmoja. Wakishatua huyapukuta, dume na jike huandamana, na wawili wakibahatika huanzisha kichuguu kipya. Wengi hawafiki. Asubuhi yake ndege wa kila aina hukusanyika kwenye karamu, na ni asubuhi nzuri sana ya kumwamsha mtoto mapema.

Lakini mdudu anayestahili heshima ya pekee ni kereng'ende. Watoto wengi wanamjua: mwili mwembamba, mabawa manne yanayong'aa, macho makubwa. Wako wa aina nyingi, na mmoja mwenye rangi ya manjano iliyofifia, urefu wake kama sentimita 5, huonekana kwa makundi akizunguka juu ya viwanja vya mpira na barabara bila kutua. Huyu ndiye abiria wetu wa ajabu.

Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi visiwa vya Maldives, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa miaka mingi. Alikuwa amejiuliza hivi: kereng'ende huzaa katika maji baridi, na Maldives karibu haina maji ya aina hiyo juu ya ardhi. Mbona basi kila Oktoba kereng'ende hufika kwa wingi? Alikusanya tarehe za Bara Hindi, Maldives, Shelisheli na Afrika Mashariki, akazilinganisha na pepo. Alihitimisha kwamba wadudu hao huvuka Bahari ya Hindi. Hutoka Bara Hindi mvua za huko zikimalizika, hupanda juu hewani kwenye upepo, hupita visiwani na kufika Afrika Mashariki wakati wa vuli. Hapa huzaa katika madimbwi ya mvua. Baada ya mvua za mwaka, kizazi kipya hurudi Bara Hindi na kusi.

Safari nzima ya kwenda na kurudi imekadiriwa kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000, na huchukua vizazi vinne hivi. Yaani kereng'ende anayerudi Bara Hindi hajapata kuiona. Aliyeondoka huko ni mmoja wa wahenga wake.

Na palipo na msafara hapakosi anayeufuata. Kozi wa Amur, ndege mdogo wa jamii ya kipanga anayezaa pande za Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China, naye huivuka bahari hiyo hiyo kuja Afrika, kisha hupita Kenya akielekea kusini mwa bara. Chakula chake kikuu ni wadudu wanaoruka, na Anderson aliona kwamba safari ya kozi huyu na ndege wengine wanaokula wadudu huwiana na ya kereng'ende. Mwezi wa Aprili na Mei kozi huwa njiani kurudi. Mtu akiona kundi la ndege wembamba wenye mabawa marefu wakidaka kumbikumbi juu angani, amtazame vizuri dume: mwili wa kijivu cheusi, miguu ya rangi ya chungwa, na chini ya bawa weupe unaometa.

Hata uani mwa nyumba

Pengine msomaji atasema kwamba yeye anaishi ghorofani au katika vichochoro vya Mji wa Kale na hana nafasi ya kwenda horini. Hana sababu ya kukosa. Mti mmoja wa ndimu kwenye debe unatosha.

Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga mayai yake kwenye majani ya ndimu na malimau, moja moja. Kiwavi mdogo anayetoka hufanana kabisa na kinyesi cha ndege, na hivyo ndege humpuuza. Akikua hubadilika kuwa kijani na kufanana na jani. Ukimgusa taratibu, hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, ili kumfukuza adui. Baada ya hapo hujifunga kwenye kijiti, hukauka kama kifuko, na siku moja asubuhi kifuko hupasuka. Mtoto aliyeyafuata hayo kwa daftari, tangu yai hadi bawa, amesoma somo la sayansi ambalo hatalisahau.

Kwenye miembe wako majimoto, wale chungu wekundu wanaouma kama moto. Badala ya kuwachoma, tuwatazame wanavyojenga. Hujipanga mstari na kuvuta kingo mbili za majani hadi zikutane. Kisha wengine huleta watoto wao, ambao hutoa uzi kama hariri, na huwapitisha huku na huku kama fundi anavyopitisha sindano. Nyumba yao imeshonwa kwa uzi wa wana wao.

Kunguru na takataka zetu

Mpaka hapa tumewataja wengi, lakini ndege ambaye mtu wa kisiwani humwona kwanza akitoka nje, na wa mwisho kabla ya giza, ni kunguru mwenye shingo ya kijivu, ambaye wengi humwita kurabu. Huyu si mwenyeji.

Kunguru wa Kihindi aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na inaelezwa kwamba nia ilikuwa asaidie kusafisha takataka za mji. Mwaka 1947 aliripotiwa Mombasa. Tangu hapo ameenea kaskazini hadi Malindi na kwingineko, na ameanza kupanda bara kufuata miji ya kando ya barabara kuu. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, amesukumwa pembeni. Na si yeye tu. Kunguru wa Kihindi hula mayai na makinda, na viota vya mnana, chozi na ndege wengine wadogo ndivyo jiko lake. Januari 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori nchini (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja.

Lakini tuseme ukweli. Sumu na mitego huweza kuwapunguza kunguru, ila kinachowaongeza ni chakula, na chakula chao ni sisi tunaokipakua. Utumbo wa samaki uliomwagwa kando ya soko, mabaki ya hoteli kwenye jaa lisilofunikwa, mfuko wa taka ulioachwa barazani usiku kucha: hayo ndiyo yanayomlea kunguru. Mnana hahitaji hata moja kati ya hayo. Kwa maneno mengine, upepo ndio huleta wageni, lakini mji ndio huchagua nani akae. Kila nyumba inapiga kura yake kwa kile inachokitupa.

Hali ni hiyo hiyo kwa wadudu. Kereng'ende huzaa kwenye dimbwi au bwawa, na watoto wake wakiwa majini hula viluwiluwi vya mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyozuka Mombasa mwaka 2013 na ikarudi tena mwaka 2017 na 2021, hupenda kuzaa katika mikebe, magurudumu makuukuu na mitungi isiyofunikwa, mahali ambapo kereng'ende hafiki. Tukitupa mikebe ovyo tunamjengea mbu nyumba isiyo na askari.

Matope nayo yanataka maji yatembee. Kwa miaka mingi tuta la barabara pale Makupa lilikuwa limeziba njia ya maji kati ya Hori ya Tudor na upande wa Port Reitz. Daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa mwaka 2022, lilikusudiwa kuyaruhusu maji yapite tena. Hiyo ni ishara njema. Lakini daraja haliwezi kuzuia chupa za plastiki wala kuotesha mkoko uliokatwa. Mkoko ukiondoka, mdiria hukosa tawi na kaa hukosa kivuli. Majitaka yakizidi, vitwitwi watashuka Agosti baada ya maelfu ya kilomita na kuikuta meza tupu.

Bamburi: jeraha lililopona

Anayetaka kuona maji baridi yenye ndege na kereng'ende, na ambaye amekata tamaa kwamba kilichoharibika hakitengenezeki, avuke Daraja la Nyali aende Bamburi.

Kiwanda cha saruji kilianza kazi hapo mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe hadi nchi ikabaki mwamba mtupu wenye joto na chumvi. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kuotesha miti katika machimbo hayo. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, ni 3 tu zilizostahimili, na mvinje ndio uliofanya vizuri zaidi. Hata hivyo, majani yake magumu yalilundikana chini bila kuoza. Msaada ulitoka kwa majongoo, wale wale ambao sisi huwaruka njiani kwa kuwachukia. Waliletwa, wakayala majani hayo, na kinyesi chao kikawa udongo.

Udongo ulileta mimea, mimea ikaleta wadudu, wadudu wakaleta ndege. Mabwawa yalichimbwa, samaki wakafugwa. Mwaka 1984 sehemu hiyo ilifunguliwa kwa wananchi, nayo leo inajulikana kama Haller Park. Wengi wanaikumbuka kwa kisa cha kiboko Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe Mzee. Lakini mwanafunzi makini ataikumbuka zaidi kwa jongoo.

Familia ianze vipi?

Hakuna haja ya kununua vyombo vya bei. Darubini ikipatikana ni vyema, isipopatikana macho yanatosha. Yafuatayo yatasaidia:

Kwanza, kila mtoto awe na daftari na penseli. Aandike tarehe, saa, upepo unavuma kutoka wapi, na maji yanajaa au yanapwa. Ndipo aandike alichokiona. Asipolijua jina la ndege achore mdomo na miguu, kwani hivyo viwili husema mengi kuliko rangi.

Pili, arudi mahali pale pale. Kwenda sehemu moja mara kumi kunafundisha zaidi ya kwenda sehemu kumi mara moja. Uwanja wa Mama Ngina penye mibuyu, ukingo wa hori pale Tudor, au paa la nyumba yenu, popote panafaa.

Tatu, waulizeni wazee. Bibi na babu wengi wa Mombasa wana majina ya ndege na wadudu ambayo hayamo vitabuni. Jina lisipoandikwa leo litazikwa na mwenyewe.

Nne, manati yabaki nyumbani, na asiguse kiota wala kumfukuza ndege anayekula. Msiingie matopeni peke yenu, na mtoto asiende ukingoni bila mtu mzima, maana maji ya bamvua hurudi kwa kasi.

Tano, mkishazoea, kumbukumbu zenu zaweza kufaa taifa. Kila Januari Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na chama cha Nature Kenya hushirikiana na watu wa kujitolea kuhesabu ndege wa majini katika sehemu mbalimbali nchini. Aidha, upo mradi wa Kenya Bird Map, ambao hupokea taarifa za ndege kutoka kwa raia wa kawaida na kuzitia kwenye ramani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wetu hawa huja kila mwaka bila kualikwa, hawaombi malazi wala nauli. Wanaomba matope yaliyo safi, mikoko iliyosimama na dakika chache za kuachwa wale. Agosti hii vitwitwi wa kwanza watashuka tena horini wakiwa wamechoka, na wengine bado watakuwa na mabaki ya ile rangi ya tofali waliyoondoka nayo Aprili. Mtoto atakayekuwa ameiandika daftarini atawatambua.